Lipeni na saa za foleni: barua ya wazi kwa wanaoajiri madereva wa malori ya mazao

Kwa wakurugenzi wa kampuni za usafirishaji, viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima, mameneja wa viwanda vinavyopokea mazao, na nyinyi wa wizarani mnaosimamia kazi na barabara.

Waheshimiwa,

Kila mavuno yanapokaribia mnalia kilio kile kile: madereva hawapatikani. Mnakisema vikaoni, mnakiandika kwenye taarifa, na mkulima anaambiwa avumilie maana mazao yake yamelala shambani kwa kukosa mtu wa kuyabeba. Mimi ni mtu wa kazi hii. Nimeendesha malori ya nafaka, ya miwa na ya maziwa, na siku hizi nawapima na kuwafundisha madereva wapya kabla hawajakabidhiwa funguo. Kwa hapa nilipokaa sioni uhaba mnaousema. Wenye leseni za magari makubwa wapo, tena wengine wanaishi jirani kabisa na mashamba hayo. Wanachokataa ni kazi kwa namna mnavyowapa.

Tangazo lenu linatoka wiki ile ile mashine ya kuvuna inapoingia shambani. Linataka uzoefu wa miaka mitano, leseni isiyo na doa, na mtu awe tayari kuanza kesho. Mshahara haukutajwa, ila limeandikwa kuwa malipo ni mazuri, kwa tripu. Msimu unaisha lini? Kimya. Ukiisha, huyu mtu ataelekea wapi? Kimya zaidi. Akiuliza, anaambiwa anachagua kazi na kukumbushwa kuwa mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini hata mkulima huangalia kama jembe lina mpini.

Nina mengi ya kusema, lakini moja ndilo kubwa kuliko mengine yote, nalo nitalisema kwanza: mnalipa magurudumu yakizunguka tu. Lori likisimama, dereva hayumo kwenye hesabu yenu. Na kwenye kazi ya mazao, lori husimama sana.

Tuchukue siku moja ya lori la miwa. Dereva ameamka saa tisa usiku ili alfajiri awe shambani. Anafika, anakuta mashine ya kupakia imepasuka bomba la mafuta ya haidroliki na fundi yuko njiani. Anapakiwa saa tatu asubuhi. Saa nne yuko nje ya lango la kiwanda, nyuma ya foleni ambayo mwanzo wake hauonekani. Ndani mashine za kusaga zimesimama, na hakuna aliyetoka kuwaambia waliopo nje ni kwa sababu gani na mpaka saa ngapi. Kulala hawezi, kwa kuwa kila baada ya muda gari moja linaingia, na yeye inabidi awashe, asogee urefu wa lori moja, azime. Akipitiwa na usingizi, wa nyuma anapiga honi mara mbili kisha anampita, na nafasi imekwenda. Chini ya tela maji ya miwa yanadondoka kwenye vumbi na nzi wameshajaa. Anapanda mizani saa moja usiku, anamaliza kushusha saa mbili. Kwenye daftari lenu ameandikiwa tripu moja. Kabla hajakunja stakabadhi, simu inaita: shamba fulani wanakusubiri, rudi haraka.

Kutoka saa tisa usiku mpaka saa mbili usiku ni saa 17. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo yanayojulikana sana kwa watu wa usalama barabarani: mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa uwezo kwa kiasi kile kile cha mtu mwenye gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu. Nchi nyingi hicho ndicho kipimo cha kumshusha dereva kwenye usukani. Dereva wenu hajaonja kitu. Amesubiri tu, na hamkumlipa kwa kusubiri, na sasa mnamtaka arudi barabarani usiku na tela tupu linalorukaruka nyuma yake.

Mtaniambia miwa haisubiri. Kweli haisubiri. Ikishakatwa sukari inaanza kupungua, na kila siku inayopita ni hasara kwa mkulima na kwa kiwanda. Majani mabichi ya chai yanatakiwa kiwandani siku ile ile yalipochumwa. Maziwa yanatakiwa yakae kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi tangu yanapokusanywa. Nyanya za chini ya mzigo zinapondwa na zilizo juu, na jua likizidi zinaanza kuchuruzika. Hayo nayajua, nimeyabeba. Lakini angalieni haraka hiyo anaibeba nani. Anayekata miwa mingi kuliko uwezo wa kiwanda kwa siku haharakishwi. Meneja ambaye mashine zake zimesimama haharakishwi. Anayeharakishwa ni dereva, ambaye katika mnyororo wote ndiye aliyefika kwa wakati. Lori lake limegeuzwa ghala la bure langoni kwenu, na yeye amegeuzwa mlinzi wa ghala, bure pia.

Saa ya kusubiri ikiwa haina bei, hakuna atakayehangaika kuifupisha. Foleni ndefu ni raha kwa kiwanda, maana mzigo uko mlangoni muda wote na mashine hazitakosa cha kusaga. Gharama yake inalipwa na mwenye lori kwa dizeli na matairi, na dereva kwa usingizi wake. Siku saa hiyo itakapowekewa bei, na bei hiyo itoke mfukoni mwa anayesababisha foleni, mtashangaa jinsi ratiba za kushusha zitakavyopatikana. Lori la asubuhi litapewa muda wake na la jioni muda wake, mashine ikiharibika ujumbe utatumwa shambani wasimamishe kukata, na dereva aliyekwisha kufika atapewa namba ili akalale akijua nafasi yake haipotei. Hakuna kati ya haya kinachohitaji mtambo wa ajabu, na simu za mkononi kila mtu anazo.

Wizara mnaweza kusaidia hapa kwa maandishi, na wenzenu wameshaandika. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2002 kuhusu saa za kazi za watu wa usafirishaji barabarani, unahesabu muda wa kusubiri kupakia au kushusha kuwa ni saa za kazi pale ambapo dereva hakujulishwa mapema atasubiri kwa muda gani. Mwenye kiwanda ana hiari: amwambie dereva muda mapema, au saa zake zihesabiwe. Kanuni ya Umoja huo namba 561 ya mwaka 2006 inakwenda mbele zaidi. Inakataza kumlipa dereva kwa umbali, kwa wepesi wa kufikisha au kwa wingi wa mzigo, ikiwa malipo ya namna hiyo yanahatarisha usalama barabarani. Someni tena matangazo yenu ya kazi mkiwa na kifungu hicho mkononi.

Kuhusu saa za usukani zenyewe sitasema mengi, kwa sababu vipimo vipo tangu zamani. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, asizidishe saa 9 za usukani kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate angalau saa 10 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24. Nchi zilizouridhia ni chache, lakini ukiweka saini yako au usiiweke, mwili wa dereva ni ule ule.

Najua mtaninyooshea kidole Marekani, kwamba huko mazao yamepewa msamaha. Ni kweli. Wakati wa kupanda na kuvuna, kila jimbo likijipangia miezi yake, anayebeba mazao ndani ya maili 150 za anga kutoka yalikotoka, yaani kama kilomita 278 kwa mstari ulionyooka, habanwi na sheria ya kitaifa ya saa za kuendesha. Naelewa kwa nini wakulima waliudai. Lakini msamaha ule ulitolewa kwa zao, na zao halishiki usukani. Macho ya mtu hayajui kama ni msimu. Nchi ikitaka kuiga kitu kwa watu wengine iige chenye faida, na huu msamaha nisingeushauri kwa yeyote ambaye barabara zake za mashambani ni nyembamba, hazina taa, na jioni zimejaa watoto wanaotoka shule na matrekta yasiyo na vimulimuli.

Basi tuje kwenye kuajiri kwenyewe, maana hata malipo yakinyooka bado mnatafuta mtu kwa kipimo kisichomfaa.

Kwenye usaili mnaangalia leseni, mnauliza miaka ya uzoefu, mnamzungusha mtu uwanjani na lori tupu, imekwisha. Anayejua kuvuta kontena kwenye lami anafaulu bila jasho. Halafu mnampa tangi la maziwa. Matangi mengi ya chakula ndani hayana kuta za kuvunja mawimbi, kwa sababu kuta hizo huweka kona zisizosafishika vizuri. Tangi likiwa nusu, ukifunga breki lori linasimama, kisha maziwa yanakuja kutoka nyuma na kulisukuma tena mbele. Mtu ambaye hajawahi kusukumwa hivyo akiwa kwenye makutano ya barabara hajui lori la maziwa, hata awe na miaka 20 ya kontena. Ng'ombe nao ni mzigo unaohama. Wakiegemea upande mmoja kwenye kona, kona imebadilika. Nafaka iliyovunwa na unyevu ni nzito kuliko inavyoonekana, na anayepima kwa macho anafika mizani akiwa amezidisha bila kujua.

Na tela la kubinua, jamani. Hili ndilo linalonikosesha raha. Kitanda chake cha mzigo kikiwa juu kabisa, mzigo wote umekaa juu, na ardhi ikiwa imeinama kidogo tu upande mmoja, au nafaka ikashikana upande mmoja ikakataa kushuka, lori zima linalala ubavu. Juu kuna nyaya za umeme, ambazo shambani hupita chini kuliko mjini, na mtu anayetazama nyuma ahakikishe nafaka inashuka vizuri hatazami juu. Hakuna cheti kinachoonyesha kama mtu ana tabia ya kuinua macho kabla ya kuinua kitanda. Inabidi umpeleke ukamwone.

Jaribio langu mimi ni rahisi. Nampa lori lenye mzigo nusu, namwambia aingie shamba ambalo mvua imenyesha juzi, apakie kule mwisho. Sisemi kingine. Wapo wanaoingia moja kwa moja kwa sababu wanataka kunionyesha kuwa si waoga. Na yupo anayesimama kwenye lango, anaweka breki, anashuka. Anatembea kwa miguu mpaka mahali pa kupakia, anakanyagakanyaga kwa kisigino pale magurudumu ya nyuma yatakapopita, anaangalia juu, anaangalia atageuzia wapi akishajaa, ndipo anarudi. Huyo namwandika jina hata kama rivasi yake haijanyooka. Rivasi inafundishika kwa siku chache. Kushuka na kwenda kuangalia, hasa huku mwenye shamba anapiga kelele za kuharakisha, ni jambo ambalo watu wengi hawafundishiki hata kwa mwaka.

Sasa, watu wenye tabia hiyo mnao kumbe, ila hamwatazami kwa sababu hawana miaka mitano. Ni madereva wa matrekta. Kijana aliyekulia kwenye trekta anajua udongo unapomsaliti mtu, amezoea kurudisha nyuma tela la ekseli moja, ambalo ni gumu kuliko semi, kwa kuwa ni fupi na linajikunja upesi. Anachokosa ni leseni ya daraja kubwa, gia nyingi, breki za upepo, na adabu ya barabara kuu. Hayo yanafundishika nje ya msimu, wakati malori yenu yameegeshwa yakiota kutu. Mlipieni mafunzo. Kama mnaogopa ataondoka akishapata leseni, wekeni mkataba kwamba atafanya kazi misimu miwili, na akiondoka mapema atarudisha sehemu ya ada inayopungua kadiri alivyofanya kazi. Lakini uwe mkataba wa kuandikwa, asomewe na apewe nakala yake. Deni lisilo na hesabu ni pingu, na watu wa vijijini wameshajifunza kulitambua.

Wanaohofia kampuni za bima waende kuzungumza nazo kabla ya msimu na si katikati yake. Bima hutazama hatari, na dereva mpya aliyekaa wiki kadhaa pamoja na mzoefu, akapewa kwanza gari dogo na njia fupi, ni hatari inayoelezeka. Marekani hiyo hiyo ina leseni ya muda kwa ajili ya kazi za kilimo: ya msimu tu, siku zake zikiwa na kikomo katika kila miezi 12, kwa mtu mwenye rekodi safi ya udereva, ndani ya maili 150, na haimruhusu kuendesha kichwa chenye semi. Mipaka hiyo ina busara, hasa kumwanzishia mtu magari madogo karibu na nyumbani. Kinachonishinda ni kwamba majimbo yanaruhusiwa kuitoa bila mtihani wa nadharia wala wa vitendo. Nisingeitaka bila mtihani, kwa sababu zote nilizozitaja kuhusu tela la kubinua.

Wanawake nao, kwa kifupi: wapo wanaoweza na wanaotaka kazi hii, na kinachowafukuza mara nyingi ni kwamba kwenye sehemu zenu za kupakia hakuna choo, na langoni mwa kiwanda dereva hana pa kujisitiri wala pa kunawa uso. Wanaume nao wanakihitaji hicho choo. Jengeni.

Kuna suala la madalali. Mkishaona msimu umewaka mnawapigia simu watu wa kati wawaletee madereva, nao wanamtoza dereva ada ya kupata kazi, kisha wengine wanamkata kila tripu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira hamtozi mfanyakazi, na pale ambapo serikali itaona haja ya kuruhusu vinginevyo iwe kwa sababu zilizo wazi. Anayetaka mfanyakazi ndiye alipe. Na pale ofisini mnapokusanya leseni halisi au hati za kusafiria za madereva mkazifungia kwenye droo "kwa usalama", mjue kwamba kushikilia hati za mtu ni moja ya dalili ambazo Shirika hilo hilo hutumia kutambua kazi ya kulazimishwa. Chukueni nakala, mrudishieni mtu chake. Dereva wa kweli anahitaji leseni yake barabarani, na ninyi ndio mnaomtuma barabarani bila hiyo.

Uzito nao. Anayejaza lori ni mwenye mashine ya kupakia, kwa amri ya mwenye mzigo. Anayekamatwa mizani ni dereva, na faini inakatwa kwenye malipo yake. Kati ya 1958 na 1960 yalifanyika majaribio makubwa ya barabara kule Illinois, na yakatoa kanuni ambayo wahandisi bado wanaitumia hadi leo: uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 huharibu karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Hizo ni barabara zenu wenyewe, zile mnazolalamikia msimu unaofuata kwamba zimebomoka na malori hayafiki. Australia, majimbo mengi yanafuata sheria ya taifa ya magari mazito iliyoanza kutumika mwaka 2014, ambayo inauweka wajibu kwenye mnyororo mzima: mwenye mzigo, aliyepakia, aliyepanga ratiba, aliyeajiri. Mpakiaji akijua faini inaweza kuandikwa jina lake, mkono wake utakuwa mwepesi kusimamisha mashine. Hapo wizara mna kazi ya kufanya ambayo dereva mmoja mmoja hawezi kuifanya, maana akikataa kuondoa lori lililozidishwa anaambiwa ashuke, yupo mwingine.

Sitakwepa hoja yenu ya fedha. Wenye malori mawili matatu watasema hawana uwezo wa kulipa saa za kusubiri, na wako sahihi. Wao nao wanalipwa kwa tani. Ndiyo maana barua hii sikuiandikia kampuni za usafirishaji peke yake. Saa ya kusubiri lazima iingie kwenye mkataba kati ya kiwanda na msafirishaji, au kati ya ushirika na msafirishaji, ndipo imfikie dereva. Msafirishaji mdogo akibebeshwa peke yake ataficha saa hizo, au atafunga biashara, na wakulima watabaki na wakubwa wachache wanaojipangia bei. Vyama vya ushirika mna nguvu hapa kuliko mnavyojua. Mnapojadiliana bei ya zao na kiwanda, jadilianeni pia muda wa kushusha. Kiwanda kinachochelewesha miwa yenu langoni kinakula sukari yenu kabla ya kuipima.

Na msimu ukiisha? Dereva ana watoto wanaokula miezi 12. Kumwita kila mwaka na kumwacha kila mwaka ndiko kunakompeleka kwenye mizigo ya bandarini na migodini, halafu mnashangaa harudi. Lakini eneo la kilimo halikosi mizigo mwaka mzima. Kabla ya kupanda kuna mbolea, chokaa na mbegu zinazoingia. Kuna chakula cha mifugo, kuna nafaka inayotoka ghalani kidogo kidogo, kuna maziwa yasiyo na likizo. Kampuni moja pengine haiwezi kumjazia mtu mwaka, ila vyama viwili au vitatu vyenye mazao ya misimu tofauti vinaweza kumwajiri mtu mmoja kwa zamu, vikigawana mshahara wake na michango yake ya hifadhi ya jamii. Miezi ya katikati afanye matengenezo pamoja na mafundi. Dereva aliyekaa na fundi akabadilisha breki za tela lake mwenyewe hatalipakia vibaya.

Anayeshindwa kabisa kumweka mtu mwaka mzima amhakikishie basi msimu mzima: kiwango cha chini cha malipo kwa wiki hata mvua ikinyesha na mashine zikasimama, na tarehe ya mwisho inayojulikana. Kwa kiwango hicho tu, nina watu niliowafundisha ambao wangerudi.

Nawaomba kwa hiyo mambo haya yafanyike kabla ya mavuno yanayokuja, si baada. Ajira zifunguliwe walau miezi mitatu kabla ya kuvuna, mshahara ukiwa umeandikwa kwenye tangazo. Mikataba kati ya viwanda na wasafirishaji itaje muda wa kushusha na malipo ya kila saa inayozidi, na sehemu ya dereva katika malipo hayo itajwe kwa tarakimu. Faini ya uzito isikatwe kwa dereva ambaye hakupakia. Jaribio la udereva lifanyike shambani na mzigo ukiwemo. Wizara za kazi na za barabara ziwatume wakaguzi wao pamoja, siku moja, usiku, wasimame nje ya malango katika wiki yenye mavuno mengi, na wawaulize madereva waliamka saa ngapi.

Majibu yenu nayaomba kwa maandishi, na yabandikwe langoni karibu na mizani ambako madereva watayasoma wakiwa kwenye foleni. Kwa sasa muda wa kusoma wanao.

Wenu katika kazi,
Mkufunzi wa madereva wa malori ya mazao